Tusisifu Tumbo: Neno juu ya Unene wa Makamo, Chakula na Kinga



Kwa miaka mingi wanganga wa misioni katika Kivu walifundisha watu juu ya bwaki. Waliwaambia wamama: mpe mtoto maharagi, mpe samaki, mpe maziwa na yai, usimpe bugali peke yake. Neno lile halijakwisha. Hata leo watoto wenye miguu iliyovimba na nywele nyekundu wanaletwa hospitalini, na vita vya miaka hii vimewaongeza. Lakini leo tunataka kusema nawe juu ya ugonjwa mwingine, ambao huingia kwa mlango wa pili wa nyumba ile ile. Mtoto amekonda chini ya mezani, na baba au mama mwenye miaka 45 au 50 amenenepa tumbo, anapumua kwa shida akipanda kilima, anaamka usiku mara tatu kukojoa, na kichwa kinamwuma asubuhi.

Sisi tunamwona mtu huyu kila juma. Mara nyingi si tajiri. Pengine ni mwalimu, au mchungaji, au mama anayekaa dukani toka asubuhi mpaka jioni, au dereva. Alipokuwa kijana alilima, alibeba mizigo, alitembea kwa miguu toka Kirotshe mpaka Sake bila kuhesabu njia. Sasa anapanda moto hata kwenda sokoni. Lakini anakula kama alivyokula wakati wa jembe, na zaidi ya hapo. Kila mwaka kilo moja au mbili zinaongezeka, naye haoni. Baada ya miaka kumi ana kilo 15 zisizotaka kutoka.

Tena watu wanamsifu! Wakikutana naye mlangoni mwa kanisa wanasema, “Baba, umenona! Mungu amekubariki!” Lakini akianza kupungua, wanamwangalia kwa huruma na kunong'ona: “Ameshikwa na ugonjwa gani? Mke wake hampikii? Ametumia feza zote?” Basi mtu anaona haya, anarudi kula ili uso wake ujae tena, naye anakwenda polepole kwenye ugonjwa wa sukari.

Neno tunalotaka kusema ni hili. Unene wa makamo unaweza kupungua, hata ule ulio sugu. Unapungua kwa chakula cha kiasi pamoja na kazi ya mwili, kama kuendesha kinga, na vyote viwili vikishikwa kwa miezi mingi. Lakini hautapungua katikati yetu kama sisi wenyewe, watu wa kanisa, tunaendelea kusifu tumbo na kumcheka anayelipunguza.

MUNGANGA ALIYEONA MAMBO MAWILI

Ugonjwa huu haukuwa wa kawaida kwetu zamani. Munganga Mwingereza, Hugh Trowell, alifika Kenya mwaka 1929, halafu alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa mmoja wa watu waliojifunza bwaki kwa bidii, na mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa ule. Katika miaka yake ya kwanza aliona kwamba unene, tensio na ugonjwa wa mishipa ya moyo vilikuwa haba sana kati ya watu wa Afrika ya Mashariki. Lakini mwaka 1956, yeye na mwenzake waliandika habari za mgonjwa Mwafrika aliyeshikwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na jambo lile lilikuwa geni kiasi cha kuandikwa katika jarida la wanganga. Leo hakuna munganga atakayeandika habari ya mgonjwa mmoja wa namna ile. Wamekuwa wengi.

Trowell na rafiki yake Denis Burkitt, munganga wa kupasua aliyetumika Uganda na kumpenda Bwana, walifundisha baadaye kwamba chakula cha babu zetu kilikuwa na ulinzi ndani yake: maharagi, majani, viazi, nafaka isiyokobolewa. Chakula kile hujaza tumbo upesi na hukaa ndani muda mrefu. Sukari nyingi, unga mweupe na mafuta mengi ni kinyume chake. Huingia upesi, na njaa hurudi upesi.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wa Masisi na Walikale. Mtoto aliyezaliwa mdogo sana, au aliyeona njaa alipokuwa mdogo, akinenepa akiwa mtu mzima huwa rahisi zaidi kushikwa na ugonjwa wa sukari na tensio kuliko mwingine. Wengi wetu tulikua katika miaka ya njaa na ya kukimbia. Kwa hiyo tumbo kubwa kwetu ni hatari zaidi.

“NI MIAKA TU, MUNGANGA”

Pengine utasema, “Hii ni kwa sababu ya miaka. Mtu akipita 40 mwili hauchomi chakula tena.” Watu wengi wanasema hivyo, lakini si kweli kabisa. Mwaka 2021 wataalamu walitoa hesabu ya watu zaidi ya 6,000 katika nchi 29, toka watoto wachanga mpaka wazee wa miaka 95. Walipima nguvu ambayo mwili wa kila mtu hutumia kwa siku. Walikuta kwamba, ukihesabu ukubwa wa mwili na wa misuli, moto wa mwili ni karibu ule ule toka miaka 20 mpaka 60. Baada ya 60 ndipo unapoanza kushuka.

Basi nini kinabadilika? Kwanza, mtu wa makamo hutumia mwili wake kidogo. Pili, misuli isiyotumiwa hupungua, nayo misuli ndiyo inayokula chakula kingi. Tatu, chakula na sukari vinaongezeka kwa kuwa feza imeongezeka kidogo. Kwa wamama kuna jambo la nne: damu ya mwezi ikikoma, mafuta huanza kukaa tumboni zaidi kuliko mapajani. Katika mambo haya manne, matatu yako mkononi mwetu. Hii ni habari njema.

JIPIME KWA KAMBA

Kama huna mizani nyumbani, usihangaike. Chukua kamba. Simama kando ya ukuta bila viatu, na mwenzako apime kimo chako, toka kisigino mpaka utosi. Kata kamba hapo, kisha ikunje katikati. Sasa zungusha kamba hiyo iliyokunjwa kwenye kiuno chako, kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Usivute tumbo ndani. Pumua kama kawaida.

Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, nawe ufike hospitalini kupimwa tensio na sukari. (Kipimo hiki si cha mama mwenye mimba.) Kamba hii hii itakuonyesha pia maendeleo yako. Mizani inaweza kusimama mahali pamoja kwa majuma matatu, lakini kamba inazidi kukaribia, maana misuli inaongezeka wakati mafuta yanapungua.

TUANZE NA SAHANI

Wanganga hupima nguvu ya chakula kwa kipimo kiitwacho kalori. Huna haja ya kuhesabu kalori kila siku. Lakini ni vizuri kujua mambo machache.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mawese, au mafuta mengine yoyote, kina kalori karibu 120. Mama akipika sombe na kumimina mafuta toka chupani bila kupima, mara nyingi ni vijiko kumi kwa watu watano. Mafuta si mabaya. Mawese mekundu yana vitamini ya kulinda macho ya watoto. Lakini pima kwa kijiko. Kijiko kimoja kwa mtu mmoja kinatosha.

Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16. Utasema ni kidogo. Lakini mtu anayetia vijiko vinne katika kikombe, na kunywa vikombe vitatu kwa siku, amekula vijiko 12, karibu kalori 200, na tumbo lake halikushiba. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima akikaa chini ya vijiko vidogo sita kwa siku, sukari ya vyakula na vinywaji vyote ikihesabiwa, ni vema zaidi. Chupa moja ya kinywaji kitamu ya santilita 33 ina sukari ya vijiko vinane au tisa. Mtu anayekunywa chupa hiyo amepita kipimo cha siku nzima, hata kama hakugusa chai. Usikate sukari kwa siku moja. Juma hili toa kijiko kimoja, juma lijalo kingine. Ulimi utazoea.

Tena tazama jinsi tunavyokula. Katika nyumba nyingi bugali unawekwa katikati, na wote wanakula katika sahani moja. Ni desturi nzuri ya upendo. Lakini anayetaka kupungua hajui amekula kiasi gani, na mwenye mkono mwepesi hula sehemu ya mtoto. Kwa miezi hii chukua sahani yako mwenyewe. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, kabichi, karoti, sombe yenye mafuta kidogo. Robo iwe maharagi, au sambaza, au yai, au nyama kidogo. Robo iliyobaki iwe bugali, au viazi, au ndizi, kiasi cha ngumi yako moja. Ukiisha kula, ngoja kidogo kabla ya kuongeza. Mara nyingi njaa itakuwa imekwisha.

Unaona kwamba hatukutaji chakula cha dukani wala cha wageni. Udongo wa Masisi hutoa kabichi, karoti, maharagi na maziwa. Sambaza waliletwa katika Ziwa Kivu toka Tanganyika karibu na mwaka 1959, nao wamekuwa chakula cha maskini na cha tajiri. Wachemshe au uwakaushe. Wakikaangwa katika mafuta mengi wanabeba mafuta yote. Bitumbura vya asubuhi ni vitamu, lakini ni unga mweupe, sukari na mafuta pamoja. Viwe vya sikukuu. Asubuhi ya kazi, kiazi kilichochemshwa na maharagi yaliyobaki jana vitakushikilia mpaka mchana.

Na juu ya pombe: kasiksi na bia vina kalori nyingi, tena vinaamsha njaa. Mwamini anajua neno la kanisa lake. Munganga anaongeza lake: hakuna tumbo linalopungua huku kibuyu kinajazwa kila jioni.

SASA KINGA

Wengine huiita baisikeli au velo. Sisi huku tunaiita kinga. Zamani wainjilisti walikwenda toka kijiji mpaka kijiji kwa kinga na kwa miguu, Biblia ikiwa imefungwa nyuma. Leo moto imechukua nafasi yake, na faida zake hatuzikani, hasa mgonjwa akiwa anakufa usiku. Lakini moto haichomi mafuta ya tumbo lako. Inachoma esanse tu.

Watazame vijana wa chukudu wanaoshusha viazi, makaa na kabichi toka milima ya Masisi. Katika Goma walijengewa hata sanamu. Umemwona mmoja wao mwenye tumbo? Hatusemi baba wa miaka 50 aende kusukuma chukudu. Kazi ile ni nzito mno, tena ina hatari zake. Tunasema kwamba miguu inayofanya kazi ni dawa.

Kinga ina faida moja kubwa kwa mtu mnene: uzito wa mwili unakaa juu ya kiti, si juu ya magoti. Mtu ambaye magoti yake yanauma akitembea, mara nyingi anaweza kuendesha kinga mahali pa sawasawa bila maumivu. Na hapa kwetu, njia ya kando ya ziwa, ile inayopita Kirotshe kati ya Sake na Minova, ina sehemu zisizo na milima mikali. Anzia hapo. Usianze na mlima wa Masisi.

Shika mpango huu. Juma la kwanza na la pili: dakika 15, siku tano. Juma la tatu na la nne: dakika 20. Mwezi wa pili: dakika 30, siku tano. Hivyo utafika dakika 150 kwa juma, kipimo kile kile ambacho Shirika la Afya la Ulimwengu linakitaja kwa watu wazima. Baadaye ongeza ukiweza. Mwendo uwe wa kadiri: unaweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza nguvu. Ukishindwa hata kusema, punguza. Ukifika kilimani shuka usukume. Hiyo pia ni kazi. Siku mbili katika juma, lima, au pasua kuni, au beba maji, ili mikono na mgongo pia vipate nguvu.

Weka kiti kwa urefu unaofaa: pedali ikiwa chini, mguu uwe karibu kunyooka. Kiti kikiwa chini sana magoti yataumia. Angalia breki kila siku kabla ya kuondoka, maana njia zetu zinashuka ghafula na malori hayangoji. Usiendeshe usiku. Na kama njia fulani ina hatari ya vita, usiende. Wala usiache njia na kuingia porini kutafuta mkato, maana vitu vya kulipuka vimebaki mahali pengi. Katika siku kama hizo lima shamba lililo karibu, au tembea kwa haraka kuzunguka uwanja wa kanisa au wa shule. Ndugu zetu wa Walikale, ambao njia zao za msituni hazifai kinga wakati wa mvua, wafanye vivyo hivyo.

Tena tunasema waziwazi: hakuna sheria ya Mungu inayomkataza mama kupanda kinga. Mama anayekaa dukani siku nzima anaihitaji kuliko kijana. Akiwa na kinga isiyo na chuma cha katikati, na nguo iliyofungwa vizuri isiingie katika mnyororo, aende kwa amani. Na vijana wasimpigie kelele njiani.

Kwa asiye na kinga: feza ni ngumu, tunajua. Wengine walikimbia Januari 2025, vita vilipofika Minova, Sake na Goma, wakaacha kila kitu. Lakini kinga moja inaweza kutumiwa na watu wanne kwa zamu. Wababa wa kanisa, au waimbaji, waweza kununua moja ya zamani pamoja. Na miguu haiombi feza.

KWA NINI VYOTE VIWILI

Wengine hupenda kinga lakini hawataki kugusa sahani. Sikia hesabu hii. Mtu wa kilo 80 akiendesha kinga nusu saa kwa mwendo wa kadiri, anachoma kalori kama 200 hadi 250. Hiyo ni vijiko vikubwa viwili vya mawese. Akirudi nyumbani na kusema, “Leo nimefanya kazi, nipeni bitumbura,” amerudisha yote kabla hajakauka jasho. Ndiyo maana kinga peke yake hupunguza uzito kidogo tu.

Wengine hupunguza chakula lakini hawataki kutumia mwili. Hao hupungua kweli, lakini wanapoteza misuli pamoja na mafuta, nguvu zinawaishia, na baada ya mwaka uzito unarudi. Kazi ya mwili hulinda misuli, hutia nguvu moyo, huondoa sukari katika damu, na husaidia uzito usirudi. Chakula kinashusha uzito. Kinga inaushikilia chini. Ukiacha kimoja, kingine kitashindwa.

Na usifikiri ni lazima uwe mwembamba kama ulipooa. Mwaka 2002 katika Marekani wanganga walitoa habari za watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kushikwa na ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza uzito kwa sehemu saba katika mia, na kutumia mwili dakika 150 kwa juma. Baada ya miaka karibu mitatu, walioshikwa na ugonjwa katika kundi lile walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale wasiosaidiwa. Dawa ya metformini ilisaidia pia, lakini kwa asilimia 31 tu. Kwa mtu wa kilo 90, sehemu saba katika mia ni kilo sita hivi. Kilo sita tu! Tunaomba kwako kilo sita, si muujiza.

Nusu kilo kwa juma ni mwendo mwema. Baada ya miezi kadhaa uzito utasimama. Usivunjike moyo, wala usiseme umerogwa. Mwili mwepesi hutumia chakula kidogo kuliko mwili mzito, na mwili hujitetea kwa kuongeza njaa. Hapo chunguza mambo manne: je, sukari imerudi katika chai? Je, kijiko cha mafuta kimesahauliwa? Je, unakula usiku ukilala? Je, unapata usingizi wa kutosha? Kisha ongeza dakika kumi za kinga, na ungoje.

JIHADHARI

Usinunue vidonge vya sokoni, wala vya kukondesha wala vya kunenepesha. Wadada wengi katika Kongo wanameza deksamethazoni na siproheptadini ili wanenepe. Deksamethazoni hupandisha sukari na tensio, hulegeza mifupa, na hujaza uso na tumbo kwa unene usio wa afya. Kama umeitumia kwa muda mrefu usiiache ghafula, maana hilo nalo ni hatari. Njoo hospitalini, hatutakugombeza.

Kama unatumia dawa ya sukari au ya tensio, sema na munganga kabla ya kuanza, maana dawa itahitaji kupunguzwa mwili unapopungua. Mwenye ugonjwa wa sukari asifunge kula kwa maombi bila kuuliza. Anaweza kufunga kwa njia nyingine, na Bwana anajua moyo wake. Kifua kikikubana juu ya kinga, au ukiona giza, shuka mara moja uje.

Na ukikonda bila kutaka, hilo ni neno lingine kabisa. Mtu anayekula kama kawaida lakini anapungua, au anayekohoa majuma mawili, au mwenye kiu na mkojo mwingi, au homa ya usiku, asifurahi. Aje upesi, tupime kifua kikuu, sukari na magonjwa mengine.

NENO KWA KANISA

Biblia haimhukumu mtu kwa kilo zake. Lakini inatueleza habari za kuhani Eli, aliyekuwa mzee na mzito, akaanguka toka kitini akafa. Tena inatueleza habari za Danieli na vijana wenzake, ambao kwa siku kumi walikula mboga na kunywa maji mbele ya meza ya mfalme, na nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko za wengine. Mtume Paulo naye aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili wa mwamini ni nyumba ya Roho Mtakatifu. Nyumba inatunzwa, haijazwi mpaka kuta zipasuke.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, tuache kusalimiana kwa kilo. Usimwambie mtu “umenona” kama baraka, wala “umekonda” kama laana. Mwulize, “Una nguvu? Umelala vema?” Akikuambia anapungua kwa kusudi, mshukuru Mungu pamoja naye, wala usimpelekee sahani ya pili.

Pili, karamu za kanisa. Mchungaji akitembelea nyumba tano kwa siku moja, kila nyumba inampa wali na kuku na chupa ya kinywaji kitamu, na akikataa wanaona amewadharau. Tunamwua kwa upendo. Mpeni maji, tunda na maombi. Papai ni zawadi ya heshima.

Tatu, chakula unachokipunguza katika sahani yako kisipotee. Uko na jirani aliyekimbia vita, na watoto wake hawana maharagi. Kikombe cha maharagi na feza ya chupa ya kinywaji kitamu vitoke kwako viende kwake. Hivyo baba mwenye tumbo atapona, na mtoto mwenye bwaki atapona.

Anza juma hili. Kata kamba, pima sukari kwa kijiko, tia hewa katika magurudumu. Baada ya miezi mitatu njoo hospitalini na kamba yako, tupime tensio pamoja.